Homoni ya Weusi Wetu: Historia Ambayo Tungeijua Tusingeuza Mkorogo



Wengi wenu mnatujua kwa cherehani. Sisi ni mtu na mdogo wake, tuna kiduka chetu mjini, tunashona mabaibui, magauni ya harusi na sare za wanafunzi. Wasiotujua vizuri hawajui kwamba pembeni ya vitambaa tuliwahi kuwa na rafu ya vipodozi. Tuliuza udi, liwa, hina na piko. Na leo tunasema wenyewe kabla hatujasemewa: tuliuza na mkorogo. Ulikuja katika vikopo visivyo na jina, tukiletewa na mtu aliyekuwa akipita dukani kila mwezi, na faida yake ilikuwa kubwa kuliko ya kushona gauni.

Siku moja akaja mteja wetu wa siku nyingi, mimba ya miezi sita. Uso ulikuwa umeota mabaka ya rangi ya kahawia mashavuni na juu ya mdomo, na shingo imekuwa nyeusi kuliko mwili. Alikuwa na harusi ya wifi yake na hakutaka kuonekana vile. Tukampa kikopo. Baada ya wiki tatu alirudi na ushungi umefunika uso mzima, macho tu nje. Ngozi ilikuwa imeungua. Hakututukana. Alikaa kwenye kiti cha wateja akatuuliza, "Dada zangu, hebu niambieni, ni kitu gani hasa kilichonitia weusi hata nikataka kukiondoa?"

Hatukuwa na jibu. Tulikuwa tumeuza dawa ya kuondoa kitu tusichokijua. Tangu siku ile tukaanza kuuliza na kusoma, kwa elimu yetu ya sekondari na kwa msaada wa muuguzi mmoja ambaye ni jamaa yetu. Tuliyoyapata ni historia ndefu, na ndani yake wamo vyura, panya, nguruwe, watoto wawili wa Ujerumani na glavu za viwandani. Tumeona tuiandike hapa ili tuisome pamoja.

Daktari wa London na wagonjwa waliogeuka weusi

Mwaka 1855, daktari Thomas Addison wa hospitali ya Guy's, London, alichapisha kitabu kuhusu wagonjwa 11. Wagonjwa hao walikuwa wamechoka mno, wamekonda, hawana hamu ya chakula, na ngozi zao zilikuwa zimebadilika rangi zikawa kama shaba. Walipofariki na kupasuliwa, Addison aligundua kwamba tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo zilikuwa zimeharibika. Wakati ule watu hawakujua tezi hizo zina kazi gani. Kifua kikuu kilikuwa miongoni mwa vitu vilivyokuwa vikiziharibu sana.

Ugonjwa huo mpaka leo unaitwa ugonjwa wa Addison. Lakini yeye hakuweza kueleza jambo moja: tezi za juu ya figo zikiharibika, ngozi ya uso inageuka nyeusi kwa sababu gani? Figo iko kiunoni na uso uko juu. Nani anayepeleka habari kutoka huku hadi kule? Swali hilo lilikaa miaka mia moja bila ya jibu kamili.

Viluwiluwi vya rangi ya fedha

Jibu lilianza kuonekana kwa vyura. Mwaka 1916 nchini Marekani, watafiti wawili, Philip Smith na Bennet Allen, kila mmoja kwa upande wake, waliondoa tezi ya pituitari kwenye viluwiluwi vichanga. Pituitari ni tezi ndogo iliyo chini ya ubongo. Kwa binadamu ukubwa wake ni kama wa punje ya mbaazi. Viluwiluwi vilivyoondolewa tezi hiyo vilipauka, vikawa vinang'aa kama fedha. Ikajulikana kwamba ndani ya pituitari mna kitu kinachotia weusi.

Miaka michache baadaye, huko Edinburgh, Lancelot Hogben na mwenzake Frank Winton walifanya kinyume chake. Walichukua maji ya pituitari wakawadunga vyura waliopauka, na vyura wakaiva weusi. Chembe za ngozi ya chura zina punje nyeusi ndani yake. Kitu kile kikifika, punje hutawanyika na kuijaza chembe, na chura huwa mweusi. Kikiondoka, punje hukusanyika katikati na chura hupauka. Chura hutumia uwezo huo kujificha kwenye tope au kwenye majani.

Hogben baadaye alikwenda kufundisha Cape Town, Afrika Kusini, kuanzia mwaka 1927. Huko aliendelea na utafiti wa rangi kwa kutumia chura wa Kiafrika mwenye kucha miguuni. Katika kazi hiyo ya rangi ikaonekana kwamba chura jike akidungwa maji ya pituitari, hutaga mayai. Kutokana na hapo watafiti wa Cape Town walitengeneza kipimo cha mimba: mkojo wa mwanamke ukidungwa kwa chura huyo, naye akataga mayai kabla ya siku kupita, basi mwanamke ni mja mzito. Homoni ya mimba iliyo kwenye mkojo si ile ya weusi, ni nyingine. Lakini kipimo kilipatikana kwa sababu mtu alikuwa akitafuta siri ya rangi ya ngozi. Kwa miaka mingi, hadi miaka ya 1960, maelfu ya vyura hao walisafirishwa kutoka Afrika Kusini kwenda hospitali za Ulaya na Marekani. Sisi tunaonunua kijiti cha kupimia mimba duka la dawa tungezaliwa mapema kidogo tungengojea chura atage.

Mwaka 1932, Bernhard Zondek na mwenzake Krohn walikipa kitu kile cha weusi jina la intamedini, kwa sababu walikipata katika sehemu ya kati ya pituitari. Zondek huyo ndiye aliyewahi kutengeneza, pamoja na Aschheim, kipimo cha mimba cha zamani zaidi kilichotumia panya. Kila tulipofungua ukurasa wa historia hii tulikuta habari za mimba ziko karibu.

Kamba yenye vidoto 13

Jina lilikuwepo, lakini kitu chenyewe kilikuwa hakijashikwa mkononi. Aliyefanikiwa ni Aaron Lerner, daktari wa ngozi wa Marekani aliyefanya kazi Chuo Kikuu cha Yale. Huyu alikuwa akishughulika na maradhi ya rangi ya ngozi, likiwemo barasi, ambalo wengine huliita mbalanga. Mwaka 1955 yeye na Teh Lee walifaulu kukisafisha kitu hicho kutoka kwenye pituitari za nguruwe. Mwaka 1957 Lerner na mwenzake Harris walieleza muundo wake: ni peptidi, yaani kamba fupi iliyotungwa kwa asidi amino, na vidoto vyake ni 13 tu. Jina lake la kitaalamu ni homoni inayochochea melanosaiti. Melanosaiti ni zile chembe za ngozi zinazotengeneza rangi, na rangi yenyewe ni melanini. Kwa kifupi homoni hiyo huandikwa MSH.

Tunajua baadhi yenu mmeshtuka kusikia nguruwe. Zama zile homoni nyingi zilitolewa kwenye wanyama wa machinjioni, kwa sababu hakukuwa na njia nyingine. Dawa za siku hizi zinazofanana na homoni hii hutengenezwa maabara, asidi amino moja baada ya nyingine, bila ya mnyama.

Mwaka 1958 Lerner huyo huyo alipata kitu kinachofanya kinyume kwa chura, yaani kinachompausha. Alikipata kwenye tezi za bongo za ng'ombe akakiita melatonini. Alitumaini kingefaa kwa maradhi ya ngozi. Ikatokea kwamba kwa binadamu melatonini haipaushi ngozi. Kazi yake ni kuuambia mwili kwamba usiku umeingia. Lakini mwaka 1961 Lerner na McGuire walionyesha kwamba watu waliojitolea kudungwa MSH ngozi zao zilizidi weusi. Basi kilichotia weusi ngozi ya chura kilitia weusi na ngozi ya mwanadamu.

Doti moja, vipande vingi

Sasa turudi kwa Addison na swali lake. Katika miaka ya 1970 watafiti waligundua kwamba mwili hautengenezi MSH peke yake. Hutengeneza kwanza protini moja ndefu, kisha huikata. Mwaka 1979 watafiti wa Kyoto, Japani, wakiwa na Nakanishi na Numa, walisoma maelezo ya jeni ya protini hiyo kutoka kwa ng'ombe, na ikaonekana wazi vipande vyote viko wapi.

Sisi mafundi tulilielewa jambo hili upesi. Ni kama doti ya kanga inayotoka kiwandani ikiwa nguo moja, kisha unaikata: pisi hii ya kujifunga, pisi hii ya kujitanda. Protini ile ikikatwa hutoa MSH. Hutoa pia homoni inayoamsha tezi za juu ya figo. Na hutoa endofini, ambayo hupunguza maumivu. Vyote hivyo hutoka katika nguo moja.

Tena ile homoni ya kuamsha tezi za juu ya figo, mwanzo wake una asidi amino 13 zilezile za MSH, kwa mpangilio uleule. Hapa ndipo jibu la Addison lilipo. Tezi za juu ya figo zikiharibika, ubongo huona kazi haifanyiki, hivyo pituitari hupiga kelele kwa nguvu: hutoa homoni ya kuziamsha kwa wingi. Tezi hazisikii kwa kuwa zimekufa. Lakini melanosaiti za ngozi zinasikia, kwa sababu mwanzo wa homoni ile ni sawa na MSH. Nazo zinatengeneza weusi.

Hapa tunaomba msome kwa makini, kwa sababu sisi tulio weusi ugonjwa huu unaweza kutupita bila kujulikana. Mtu mweupe akigeuka rangi kila mtu anaona. Kwetu sisi, angalia fizi, ndani ya mashavu, mistari ya viganja na makovu ya zamani. Vikizidi weusi, na wakati huohuo mwenyewe anachoka, anakonda, anahisi kizunguzungu akisimama na anatamani chumvi kila saa, basi asiletwe kwetu kutafuta krimu. Apelekwe hospitali. Ugonjwa wa Addison ukijulikana unatibika kwa vidonge, na usipojulikana unaua.

Kofia ya kila chembe

Katika ngozi yetu kazi inakwenda hivi. Jua likichoma, chembe za juu za ngozi huona zimedhurika, nazo hutengeneza ile protini ndefu na kuikata. Utafiti uliotolewa mwaka 2007 ulionyesha njia hiyo. Kwa hiyo MSH ya ngozi hutoka kwenye ngozi yenyewe zaidi kuliko kwenye pituitari. Ile sehemu ya kati ya pituitari ambayo chura anaitegemea, kwa binadamu mtu mzima imebaki kidogo mno.

MSH ikitoka hukamata mlango ulioko juu ya melanosaiti. Mlango huo uligunduliwa mwaka 1992. Ukifunguka, melanosaiti hutengeneza melanini nyeusi, huifunga katika vifurushi vidogo, kisha huvigawa kwa chembe jirani. Chembe ikipokea vifurushi vyake huviweka juu ya kiini chake, upande unaoelekea jua. Ndani ya kiini ndimo zilimo siri zote za kuumbwa kwetu, na jua likizivuruga ndipo saratani ya ngozi huanza. Kwa maneno mengine, kila chembe ya ngozi yetu imevikwa kofia. Tuliposoma hapo tulinyamaza, tukatazamana. Sisi tulikuwa tukiuza kitu cha kuvua kofia hizo.

Jambo jingine lililotushangaza: mtu mweusi na mtu mweupe wana idadi ya melanosaiti inayokaribiana. Sisi hatuna mafundi wengi zaidi. Tofauti iko kwenye vifurushi, ukubwa wake, aina ya rangi na namna vinavyogawiwa. Mwaka 1995 ilionekana kwamba watu wengi wenye nywele nyekundu huko Ulaya wana mlango wa MSH uliobadilika. Homoni inabisha, mlango haufunguki vizuri, na badala ya melanini nyeusi hutoka nyekundu, ambayo haizuii jua vizuri. Watu hao huungua haraka. Waafrika walipochunguzwa, mlango huu ulionekana umehifadhika karibu bila mabadiliko ya maana. Chini ya jua kama letu, kofia haikuwa kitu cha kuchezea.

Na ndugu zetu wenye ualbino? Wao homoni wanayo, na melanosaiti wanazo. Kilichokosekana ni hatua moja katika kiwanda cha melanini. Amri inafika lakini kitambaa hakuna. Kwa hiyo ualbino si laana, si mkosi, wala haupatikani kwa kugusana. Ni urithi kutoka kwa baba na mama wote wawili. Wanachohitaji kwetu ni kofia pana, mikono mirefu, mafuta ya kukinga jua na heshima. Sisi katika duka letu mtoto mwenye ualbino akija, sare yake ya mikono mirefu hatuitozi ushonaji.

Njaa, homa na watoto wawili wa Ujerumani

Tulidhani homoni hii ni ya rangi tu. Kumbe ina kazi nyingine ndani ya ubongo. Kulikuwa na panya wa maabara wa rangi ya njano ambao walikuwa wanene kupita kiasi. Kwa muda mrefu watu walijiuliza njano na unene vina uhusiano gani. Ikaja kujulikana kwamba miili yao ilitengeneza mahali pote protini inayoziba milango ya MSH. Kwenye ngozi mlango ukizibwa, manyoya huwa ya njano. Kwenye ubongo uko mlango mwingine wa homoni hiyohiyo, na kazi yake ni kutuambia tumeshiba. Ukizibwa, panya hula bila kutosheka. Mwaka 1997 panya walioondolewa mlango huo wa ubongo walinenepa vivyo hivyo.

Kisha mwaka 1998 madaktari wa Ujerumani walieleza habari za watoto wawili ambao miili yao haikuweza kutengeneza ile protini ndefu. Watoto hao walikuwa na nywele nyekundu, tezi za juu ya figo hazikufanya kazi, na walikuwa wanene sana tangu wadogo kwa sababu njaa yao haikuisha. Mambo yote matatu yalitoka kwenye nguo moja iliyokosekana. Mama zao pengine waliambiwa wanawalisha ovyo. Nasi huku kwetu mara ngapi tumemcheka mtoto mnene, tukamlaumu mama yake?

Mwaka 2020 Marekani iliidhinisha dawa inayofungua mlango ule wa ubongo kwa wagonjwa wa aina hiyo, inaitwa setimelanotaidi. Inapunguza njaa, na moja ya athari zake ni kwamba ngozi ya mgonjwa huzidi weusi. Bila shaka sasa mnajua kwa nini.

Watafiti pia wameona tangu miaka ya 1980 kwamba MSH hushusha homa kwa wanyama na kutuliza uvimbe. Na mwaka 1980 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Arizona walitengeneza aina yake inayodumu muda mrefu mwilini. Kutokana nayo imepatikana dawa iitwayo afamelanotaidi, ambayo huwekwa chini ya ngozi. Iliidhinishwa Ulaya mwaka 2014 na Marekani mwaka 2019 kwa ajili ya watu wenye ugonjwa adimu wa damu unaowafanya waumie vibaya wakipigwa na mwanga wa jua. Dawa inawatia weusi, na weusi unawawezesha kutoka nje na watoto wao mchana.

Huko huko Ulaya na Marekani wako pia watu wazima wasioumwa wanaonunua kwa magendo sindano za aina hii ili waive rangi, ingawa mamlaka za afya zinawakataza. Wao wanadungwa wapate weusi, sisi tunapakaa tuuondoe. Muuza magendo anapata kwa wote wawili.

Mabaka ya mimba

Sasa tunaweza kumjibu mteja wetu. Mimba ikikua, homoni nyingi hupanda kwa pamoja. Zipo homoni za kike, na zipo zile zinazotokana na nguo ndefu tuliyoieleza. Kondo la nyuma nalo hutoa homoni zake. Zote hizo huzichochea melanosaiti. Ndiyo sababu chuchu huwa nyeusi zaidi, mstari mweusi hushuka kutoka kitovuni, na wengine hupata mabaka usoni, hasa wakipigwa na jua. Hakuna uchafu hapo, wala kijicho. Kwa wanawake wengi hupungua taratibu baada ya kujifungua. Cha kufanya ni kujikinga na jua kwa mtandio mpana na mafuta ya kukinga jua, na kuvuta subira. Shingo inayobaki nyeusi na nene kama mahameli hata kwa asiye na mimba, hiyo muonyeshe daktari, huenda ni dalili ya sukari.

Glavu za wafanyakazi na kikopo chetu

Je, mkorogo unafanya nini? Historia yake nayo ina mahali pa kuanzia. Mwaka 1939 madaktari wa Marekani walieleza habari za wafanyakazi wa kiwanda cha ngozi, wakiwemo Wamarekani Weusi, ambao mikono yao ilipoteza rangi mpaka pale glavu zilipoishia. Sababu ilikuwa kemikali iliyotiwa kwenye mpira wa glavu, yenye undugu na haidrokwinoni. Watu wale walipata madhara kazini. Haukupita muda mrefu, kemikali za ukoo huo zikawa zinauzwa kama urembo.

Haidrokwinoni huziba kiwanda cha melanini. Ikitumiwa ovyo kwa miaka, ngozi inaweza kugeuka na kuwa ya bluu-nyeusi yenye vipele, na weusi huo haundoki. Mwaka 1975 madaktari wa Afrika Kusini walieleza wanawake waliopata madhara hayo kwa krimu za kujichubua, na mwaka 1990 nchi hiyo ikazipiga marufuku. Zebaki nayo huziba kiwanda hichohicho, lakini huingia mwilini ikaharibu figo, na kwa mjamzito hupita hadi kwa mtoto. Tanzania vipodozi vyenye vitu hivi vimepigwa marufuku.

Cha tatu ni dawa kali za jamii ya steroidi, ambazo hospitali hutolewa kwa kipimo na kwa muda mfupi. Hizi zikipakwa mwili mzima kila siku huingia kwenye damu. Pituitari ikiziona, hudhani tezi za juu ya figo zimefanya kazi kupita kiasi, hivyo hunyamaza. Tezi hulala. Mtu akiacha ghafla, mwili hauna homoni ya kumbeba, na anaweza kuanguka kama wagonjwa wa Addison. Kwa hiyo dada uliyepakaa mwili mzima kwa muda mrefu, nia ya kuacha ni njema, lakini mwambie daktari kwanza ili akuongoze namna ya kuacha. Na ukienda kufanyiwa upasuaji, ukiwemo wa kujifungua, usione haya kusema. Wakunga na madaktari wanahitaji kujua.

Tuliyoyafanya

Tulivitoa vikopo vyote kwenye rafu. Mdogo mtu aliuliza kama tungemrudishia aliyetuletea ili tupate fedha zetu. Tukaona hapana, maana angekwenda kumuuzia mwingine. Tulivipeleka kwa maofisa wanaohusika na vipodozi, tukaeleza tulivyovipata. Fedha zikapotea. Miezi ile kodi ya duka tuliilipa kwa tabu, tukashona hadi usiku.

Mteja wetu alijifungua salama, alhamdulillah, mtoto wa kike. Tulikwenda kumtazama tukamwomba radhi mbele ya mama mkwe wake, na tukamweleza haya tunayowaeleza nyinyi, kwa maneno mafupi. Uso umepona lakini umebakia na alama. Alitusamehe. Mama mkwe alisema kitu kimoja tu, kwamba tungemuuliza yeye tangu mwanzo angetuambia na yeye alikuwa na mabaka hayohayo kwa mimba zake nne, na yaliondoka.

Katika Surat Ar-Rum Mwenyezi Mungu ametaja kutofautiana kwa lugha zetu na rangi zetu kuwa ni miongoni mwa ishara Zake kwa wenye kujua. Tulikuwa tukiisikia tangu chuoni. Hatukuwahi kufikiri kwamba ishara hiyo inaweza kuchunguzwa kwa chura, ikahesabiwa vidoto 13, na ikakutwa inalinda, inashibisha na kutuliza homa. Rangi hii ni amana, nasi tuliifanyia biashara.

Bi harusi wakija sasa kupima magauni, tunawauliza mapema wanapaka nini. Singo tunawatengenezea ya liwa na mawaridi, na hatumwahidi mtu weupe. Wako waliokwenda maduka mengine kwa sababu hiyo. Wako pia waliorudi, na mmoja alirudi na kikopo chake mkononi akaomba tumsindikize hospitali. Tulifunga duka, tukaenda naye.

Ikiwa nawe una kikopo ndani, tuandikie au pita dukani. Hatutakulaumu, kwa sababu huenda kilitoka kwetu.

Wassalaam.